Kisanduku cha zamani kilichoipatia kompyuta yetu intaneti



Siku ya posho iliyopita, baada ya mkutano, wengi wenu mlituuliza: kompyuta ya chama imepataje intaneti, wakati tuliambiwa haiwezi? Na mama mmoja mzee akauliza swali gumu zaidi: intaneti inatusaidia nini, wakati unga wa mihogo unapanda bei na ndakala wenyewe siku hizi wanauzwa kwa kuhesabu? Mtandao hauliwi na bukari, alisema, na watu wakacheka. Sisi tunaoandika kaye za chama, ambao mchana ni walimu, tumeombwa kujibu. Tunayajibu maswali yote mawili pamoja, maana la kwanza halina maana bila la pili.

Tuanze na la mama mzee. Mnajua jinsi tunavyoweka akiba. Kila wiki mama ananunua hisa zake, anakopa, analipa, na yote yanaandikwa. Kila mwisho wa mwezi inabidi tutoe muhtasari: nani ameweka ngapi, nani anadaiwa ngapi, sanduku lina ngapi. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaupeleka muhtasari huo kwenye biro ya fotokopi, upigwe kwenye mashini na kutumwa kwa wale wanaotufuatilia. Siku moja mume wa mwenzetu mmoja akafika nyumbani akitaja akiba ya mke wake, hesabu kamili, mpaka franga ya mwisho. Mama yule alikuwa anaweka pesa ile kwa ajili ya minervali ya binti yake. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka wa masomo ulioanza 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na binti alikuwa ameshaingia sekondari. Pesa ile ikatoka, ikaenda kwenye mambo mengine. Binti akakaa nyumbani muhula mzima, akiuza mafuta ya mawese mbele ya nyumba wakati wenzake wanapita na sare.

Hatumtaji mtu, wala hatusemi ni biro gani. Tunasema tu kwamba karatasi ikishapita kwenye mikono mitano, haina siri tena. Ndiyo sababu tulichanga na kununua kompyuta ya mezani ya mtumba: hesabu za wamama zipigwe na wamama, na zitumwe na wamama. Basi mama mzee, intaneti haitaleta unga. Lakini inaweza kuzuia pesa ya unga isijulikane na asiyeiweka.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza.

Kompyuta tuliyopata ni nzima. Inawaka, inaandika, inahesabu. Ila haina kifaa cha kupokea wifi ndani yake. Kompyuta nyingi za mezani za zamani ziko hivyo: zilitengenezwa kwa ajili ya biro ambako waya wa mtandao unatoka ukutani. Nyuma yake kuna tundu la waya huo, linafanana na tundu la waya wa simu ya mezani lakini ni pana zaidi. Wifi tunayo, iko ng'ambo ya uwanja, nyumbani kwa mwenzetu ambaye ana kisanduku chenye kadi ya simu ndani. Amekubali tuitumie, nasi tunachangia mega. Simu zetu zinaipata mpaka kwenye chumba cha chama. Kompyuta peke yake ndiyo ilikuwa kiziwi.

Fundi mmoja alitushauri tununue kompyuta nyingine. Bei aliyotaja ingemeza michango ya miezi. Tukafikiria njia tatu nyingine.

Ya kwanza ni kununua kijiti cha wifi kinachochomekwa kwenye kompyuta, kidogo kama kidole gumba. Ni njia nzuri, na mwenye kukipata akinunue. Lakini kwetu si kila siku kinaonekana sokoni. Inabidi kuagiza Lubumbashi, au kungoja msafiri anayevuka ziwa kutoka Kigoma, na kompyuta ya zamani haikubali kila kijiti.

Ya pili ni kuchukua simu ya mama mmoja, kuifunga kwenye kompyuta kwa ule waya wa kuchajia, na kuruhusu simu igawe intaneti. Inafanya kazi vizuri, na haidai kitu kipya. Mwenye simu nzuri ya Android anaweza kuijaribu leo. Shida ni kwamba simu ya mama ni duka lake: ndiyo anayopokelea pesa, ndiyo wateja wanampigia. Hatuwezi kuifunga mezani nusu siku.

Ya tatu ndiyo tuliyochagua. Katika droo ya mwenzetu mmoja kulikuwa na ruta ya zamani, kile kisanduku chenye antena mbili ambacho zamani kiligawa wifi kwenye biro alikokuwa anafanya kazi. Kilipobadilishwa, akapewa. Watoto walikuwa wanakichezea kama gari. Dada mmoja wa mtaa wetu, aliyesomea informatiki, alikitazama akasema: msikitupe, hiki kinaweza kuwa sikio la kompyuta yenu.

Hapo ndipo tulipopata somo letu la kwanza. Wengi tunafikiri ruta kazi yake ni moja tu, kutoa wifi, kama redio ya kituo inavyotangaza. Kumbe ndani yake kuna kitu cha kusema na kusikia kwa pamoja, kama fonii ya misheni. Ukiipa amri nyingine, inaacha kutangaza jina lake na kuanza kusikiliza wifi ya jirani, kama simu inavyofanya. Inachokisikia inakipitisha kwenye waya. Waya unaingia kwenye tundu la nyuma ya kompyuta. Kompyuta haijui habari za wifi. Inaona waya tu, na waya ndio ilioumbiwa.

Kuna jambo moja mlituuliza: kisanduku cha jirani kinajuaje kwamba kompyuta yetu iko nyuma ya kisanduku kingine? Hakijui. Wifi ya kawaida humjibu yule tu aliyejiandikisha kwake, na aliyejiandikisha ni ruta yetu. Ni kama barua za chama. Zote zinafika kwa jina la mama sekretere, naye akifika kwenye chumba ndiye anayegawa: hii ya mama fulani, hii ya mama fulani. Ruta yetu ndiyo sekretere. Kwa hiyo tukipata kompyuta ya pili kesho, tutaichomeka kwenye tundu la pembeni, bila kumwomba jirani kitu kingine.

Hizi ndizo hatua tulizofuata. Mtu mwenye subira anaweza kuzifuata nyumbani.

Kwanza tulisoma kibandiko cha chini ya ruta. Kinaonyesha jina la aina yake, toleo lake, anwani ya kuifungulia, na umeme inaotaka. Nyingine zinataka volti 12, nyingine 9, nyingine 5. Chaja ya ruta moja inaweza kuingia vizuri kwenye tundu la nyingine na kuiunguza. Soma kwanza, chomeka baadaye.

Pili tuliirudisha kuwa mpya. Nyuma kuna kitundu kidogo sana. Ruta ikiwa inawaka, unaingiza ncha ya sindano na kubonyeza kwa sekunde kama 10, mpaka taa zizime na kuwaka tena. Hapo inasahau neno la siri la mwenye zamani.

Tatu tuliifunga kwenye kompyuta kwa waya wa mtandao. Ruta nyingi zina matundu manne yaliyo pamoja na moja la pembeni, mara nyingi la rangi nyingine. Kompyuta inaingia kwenye mojawapo ya yale manne.

Nne tulifungua programu ya kutembelea intaneti kwenye kompyuta na kuandika ile anwani ya kibandiko. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukurasa wa ruta ukafunguka, hata bila intaneti, maana ukurasa huo unakaa ndani ya ruta yenyewe.

Tano tulitafuta mahali pa kubadilisha kazi yake. Maneno hutofautiana kwa kila aina: "Client", "Station", "WISP", au "Repeater". Tukichagua "Client" au "WISP", ruta inatafuta wifi zilizo karibu na kuonyesha orodha. Tukachagua ya mwenzetu, tukaandika neno lake la siri. "Repeater" nayo hufaa, lakini hiyo inasikiliza na kutangaza tena kwa wakati mmoja, na kwa ruta za zamani mwendo wa intaneti hupungua karibu nusu. Sisi hatukuhitaji itangaze, kwa hiyo hatukuichagua.

Sita ni hatua ambayo wengi hukwama. Ruta ya jirani na ruta yetu zinaweza kuwa na anwani moja, kwa mfano zote mbili 192.168.1.1. Ni kama nyumba mbili za avenyu moja zenye namba moja: mpeleka barua anachanganyikiwa. Tulibadilisha yetu ikawa 192.168.5.1, tukaiwasha upya, na baada ya muda mfupi kompyuta ikafungua ukurasa wa kwanza.

Mwisho tulibadilisha neno la siri la ruta yenyewe, maana lile la kiwandani linajulikana na kila mtu.

Je, kama ruta haina chaguo la "Client"? Bado isitupwe. Mwaka 2003 watu waliokuwa wanachunguza programu ya ruta moja ya Linksys, WRT54G, waligundua kwamba ndani yake kuna Linux, programu ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza kwa wengine aonyeshe maandishi yake. Kampuni ikayatoa. Kutokana na hayo zikazaliwa programu za bure ambazo mtu anaweza kuziweka kwenye ruta yake ili kuifundisha kazi ambazo mtengenezaji hakuipa. Maarufu ni OpenWrt, iliyoanza 2004, na DD-WRT. Zote mbili zinaweza kuifanya ruta iwe ya kusikiliza. Lakini hapa tunasema kwa mkazo: lazima aina na toleo lililo kwenye kibandiko lilingane kabisa na faili unayoiweka. Faili isiyo yake inaweza kuiua ruta kabisa. Hii ni kazi ya kufanywa pamoja na mwenye kuijua.

Msidhani hivi ni vitu vya kuchezea tu. Mwaka 2006, huko Venezuela, walimu wa mitandao walitumia ruta za aina ileile ya WRT54G, zenye programu iliyobadilishwa na antena za sahani, wakaunganisha sehemu mbili zilizoachana kilomita 279. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya umbali wa Kalemie hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka. Na hapa kwetu Kongo, kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu, mtandao uitwao Pamoja Net ulipata intaneti yake kwa mawimbi yaliyovuka maji kutoka ng'ambo. Uwanja wetu una hatua 40. Hatukuwa na sababu ya kuogopa.

Tuseme pia faida ambayo hatukuitegemea. Waya wa mtandao unaweza kufika mita 100 na bado ukafanya kazi. Kijiti kingekaa nyuma ya kompyuta, pale pembeni ambapo ukuta na mabati yanazuia wifi. Ruta yetu tumeitundika karibu na dirisha, inatazamana na nyumba ya jirani, na waya ndio unaoshuka mpaka mezani. Mabati na mapipa ya maji ni adui wa wifi. Dirisha la mbao ni rafiki yake. Na ruta ikiwa na uwezo wa mawimbi mawili, la 2.4 linapita ukuta vizuri kuliko la 5.

Mambo manne ya kuangalia.

Mega haziongezeki. Ruta inaleta intaneti iliyopo, haiumbi nyingine. Na kompyuta yenye Windows hupenda kujipakulia mambo yake yenyewe kimyakimya, ikala mega za wiki nzima usiku mmoja. Ndani ya mipangilio ya mtandao kuna mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Tumepaweka, na sasa inapakua kidogo tu bila kuuliza.

Umeme. Unapokatika, ruta ya volti 12 inaweza kutumia batri ya jua, lakini isifungwe moja kwa moja: batri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupanda kupita 14. Kuna kifaa kidogo cha kutuliza volti, mwombeni fundi wa jua akiweke katikati.

Radi. Mnajua mvua za ziwani. Anga ikinguruma, chomoa umeme wa ruta na wa kompyuta.

Ruhusa. Kutumia wifi ya mtu bila kumwomba ni kuchukua pesa mfukoni mwake. Sisi tuliomba, tukaelewana mchango, tukaandika.

Tumefika kwenye jambo ambalo ndilo lilitufanya tuandike haya yote. Dada yule aliyesomea informatiki angeweza kumaliza kazi yote peke yake kwa saa moja, nasi tukampigia makofi. Alikataa. Alisema, nikifanya mimi, siku nikiolewa Moba mtabaki na kompyuta kiziwi tena. Akatukalisha. Mama wa kwanza akafanya hatua zote, kisha tukaibonyeza ruta kwa sindano isahau, mama wa pili akaanza mwanzo, kisha wa tatu. Mama wa tatu hakumaliza darasa la sita. Alichukua siku mbili za posho. Alikuwa ananakili maneno ya kwenye kioo kwenye kaye yake, herufi kwa herufi, bila kujua maana yake, kisha anauliza. Leo, umeme ukirudi na ruta ikawa na kiburi, yeye ndiye tunamtuma mtoto kumwita.

Mnajua sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wamama watatu wasiokaa nyumba moja. Hatukuliweka hivyo kwa kumshuku mtu. Tuliliweka hivyo ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake, na ili sanduku lisifungwe milele mtu mmoja akifiwa au akisafiri. Maneno ya siri ya kompyuta na ya ruta tumeyatendea vilevile. Wamama watatu wanayajua. Karatasi yake iko ndani ya sanduku, chini ya kufuli zile zile.

Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba michango ile ya kompyuta ingenunua mashini ya pili ya kushona. Ni neno la haki, na mkutano ujao tutalizungumza tena, maana mashini ya kushona inaleta franga kila siku. Hatuwezi kuwaonyesha franga ambazo kompyuta imeleta. Tunachoweza kuwaonyesha ni kwamba mihtasari ya miezi mitatu iliyopita haikutoka nje ya mikono ya wamama wenyewe, na kwamba binti yule tuliyemtaja amerudi shuleni muhula huu. Minervali yake imelipwa na mama yake, kutoka kwenye akiba ambayo hakuna mtu aliyeitaja mbele ya mlango wake.

Kwa hiyo tunawaomba. Fungueni droo na makabati yenu. Mkikuta kisanduku cha antena, hata kama mmiliki wake anasema kimekufa, msikiuze kwa wanunua vyuma. Kileteni siku ya posho, saa nane, pamoja na chaja yake kama ipo. Vikundi vya wamama vya mitaa mingine vyenye kompyuta isiyopata wifi vinakaribishwa pia. Hatutawafanyia kazi. Tutakaa nanyi mpaka mjifanyie wenyewe. Na kila mmoja aje na kaye na bik yake.